Moselle na watoto wadogo: inawezekana?

Yaya, umeuliza kama ukitoka Bukavu kumtembelea mdogo wako Koblenz, Ujerumani, utaweza kutembea kwa miguu na watoto wa miaka 5 na 8 kwenye bonde la mto Moselle, kule kwenye mizabibu ya mvinyo. Inawezekana kabisa. Watoto waliozoea kupanda vilima vya Kadutu, pale Bukavu, hawatalia.

Mimi ningeanzia Moselkern. Mnashuka kwenye treni, mnapita kijijini, halafu mnafuata kijito cha Elzbach msituni mpaka ngome ya Burg Eltz. Ni kama kilomita 5 kwenda, na kivuli kipo karibu njia nzima. Kigari cha mtoto kiache nyumbani: kuna mizizi, mawe na ngazi. Akichoka yule mdogo, kitenge mgongoni, kama kwetu. Ngome hufunguliwa kuanzia Aprili hadi 1 Novemba, basi usiende Desemba ukakuta mlango umefungwa.

Mtu akikupigia debe njia ya Calmont, pale Bremm, kataa. Mlima ule una mizabibu kwenye mteremko kati ya ile mikali kuliko yote Ulaya, na njia yake ina ngazi za chuma na kamba za waya. Si ya mtoto wa miaka 5.

Septemba na Oktoba ni mavuno, na zabibu zinaning'inia karibu na njia. Waambie watoto mapema wasichume, zina mwenyewe! Wanunulie juisi ya zabibu kijijini. Mvinyo wa Riesling ni wenu wakubwa, mkisharudi chini.