Mbwa Anayefungiwa Mchana Kutwa: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu mbwa wanaofugwa majumbani. Nimezijibu tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu hali inayoelezwa humo ndiyo ninayoikuta karibu kila nyumba ninayoitwa kutibu mbwa.

Shikamoo, daktari. Tuna mbwa dume wa miaka miwili, mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji. Tulimchukua kwa ajili ya ulinzi, kwa hiyo mchana hukaa bandani na usiku hufunguliwa. Alipokuwa mdogo alicheza na watoto, lakini sasa ni kijana wetu wa kazi peke yake anayeweza kumkaribia. Wiki iliyopita mtoto wetu wa miaka sita alipita karibu na banda akiwa na mkate, mbwa akaurukia wavu huku akinguruma. Mume wangu anasema mbwa wa ulinzi ndivyo anavyotakiwa kuwa. Je, ni kweli?
*Mama wa watoto watatu, Kimara, Dar es Salaam*

Marahaba, mama. Si kweli, na nakusihi usiliache jambo hili lipite kwa kuwa mtoto hakuumia.

Mbwa hulinda anachokifahamu. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi tangu kuzaliwa, mtoto wa mbwa hujifunza kwa wepesi sana ni watu gani, sauti gani na mienendo gani iliyo ya kawaida katika maisha yake. Baada ya hapo bado hujifunza, ila taratibu zaidi, na hata yale aliyoyazoea hufifia asipokutana nayo tena. Mbwa wenu aliwafahamu watoto, kisha akafungiwa. Tangu hapo hajapata kukaa uani watoto wakikimbia, wala hajaona mgeni akifunguliwa geti na kupewa mkono na baba mwenye nyumba. Anayoyajua ni wavu, giza la usiku na kijana anayemletea chakula. Mtoto aliyeshika mkate, kwake yeye, ni mtu baki aliyesogelea eneo dogo ambalo yeye mwenyewe hana pa kutokea. Mbwa asiyeweza kumtofautisha mtoto wa nyumba na mwizi hana anachokilinda, na siku mlango wa banda utakaposahaulika wazi, atakayekuwa karibu ndiye atakayeng'atwa.

Kabla ya kumfundisha lolote, mwiteni daktari wa mifugo amkague, kwa kuwa maumivu ya sikio, jino au nyonga humfanya hata mbwa mpole kuwa mkali. Niliwahi kuitwa kumtazama mbwa ambaye familia nzima ilimwita mkorofi, eti hakubali kuguswa shingoni. Manyoya yake yalikuwa mazito. Nilipoyatenganisha kwa vidole nikaukuta mkanda aliovishwa akiwa na miezi minne. Haukuwa umelegezwa hata mara moja, na ngozi ilikuwa imeota juu yake pande zote mbili za koo. Mbwa yule alikuwa akilishwa kila siku kwa karibu mwaka mzima bila mkono wa mtu kupita shingoni mwake. Mkanda uliokaa vizuri huruhusu vidole viwili kupenya kati yake na shingo, na kwa mbwa anayekua inafaa upimwe kila wiki.

Akiwa mzima, anzeni upya kwa subira. Kazi ya kumpa chakula ichukuliwe na wewe au mumeo. Kwa siku kadhaa, kaa nje ya wavu ukiwa umempa ubavu, usimkazie macho, na umtupie vipande vya maini yaliyochemshwa, visivyozidi ukubwa wa punje ya hindi. Atakapoanza kukungoja akitikisa mkia huku mwili wake wote umelegea, mvalishe kamba umtembeze uani asubuhi kabla jua halijawa kali, watoto wakiwa mbali lakini anawaona. Mfundishe neno moja tu kwanza. Shika kipande cha ini juu ya pua yake, kipeleke polepole kuelekea kisogoni. Macho yatakifuata, na makalio yatashuka yenyewe. Makalio yanapogusa ardhi sema "kaa" na umpe papo hapo, maana ukichelewa hata kidogo ataihusisha zawadi na jambo jingine. Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha. Neno hilo likishakaa, mbwa huwa na jambo la kufanya mgeni anapoingia au mtoto anapopita.

Asipigwe kwa sababu ya kunguruma. Kunguruma ni onyo, na mbwa anayeadhibiwa kwa kuonya hujifunza kung'ata bila kuonya. Mtoto wa miaka sita asiachwe naye peke yake hata mbwa akishatulia, asimsogelee akiwa anakula, na mlango wa banda uwekwe komeo asilolifikia. Iwapo baada ya majuma kadhaa mbwa bado anawarukia watoto, mtafuteni mkufunzi wa mbwa aje kumwona hapo nyumbani, msiendelee kujaribu wenyewe.

Mwambie pia mumeo kwamba usiku mbwa huyu atabweka vilevile, kwa kuwa atakuwa anawajua watu wake na kumtambua asiye wao.

Mbwa wetu tunamwogesha kila Jumamosi kwa sabuni ya unga, lakini anajikuna mchana na usiku. Kupe nao hawaishi, ingawa tunawapaka mafuta ya taa.
*Msomaji, Morogoro*

Acheni vyote viwili leo. Sabuni ya unga imetengenezwa kwa ajili ya nguo. Huondoa mafuta ya asili ya ngozi, ngozi hukauka, na mbwa hujikuna hadi kujitoa vidonda. Mbwa asiye na ugonjwa wa ngozi anatosha kuogeshwa mara moja kwa wiki tatu au nne, kwa shampuu ya mbwa, na kusuuzwa mpaka maji yatoke safi. Masikio yafutwe yakauke. Mafuta ya taa nayo huunguza ngozi, na kwa kuwa mbwa hujilamba, huishia tumboni.

Kupe mshikeni kwa kibanio cha nyusi, karibu kabisa na ngozi, mkamvuta moja kwa moja bila kumminya tumbo. Watafuteni ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani na chini ya mkanda, mkipeleka vidole kinyume na ulalo wa manyoya. Ila kuwatoa mwilini ni nusu tu ya kazi. Kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye ndiye anayesumbua zaidi majumbani, akishashiba huanguka na kwenda kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa za banda, kwa hiyo kuta zizibwe, matandiko yachomwe, na banda lipuliziwe dawa mbwa akiwa ametolewa. Naona watu wengi wakimwogesha mbwa kwa dawa ya ng'ombe waliyoipima kwa kizibo cha chupa. Nimewapokea mbwa waliolegea na kutetemeka kwa sababu hiyo, na wengine sikuwahi kuwaokoa. Nunueni dawa iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa, kwa uzito wa mbwa wenu.

Akikataa chakula, akipata homa, ufizi ukipauka, akitokwa na damu puani au mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, msingoje Jumamosi. Hizo ni dalili za magonjwa yanayoletwa na kupe, na mengi hutibika yakiwahiwa.

Nimeuziwa mtoto wa mbwa wa wiki saba nikaambiwa "ameshachanjwa yote". Jirani anasema mbwa wa kienyeji hahitaji hata chanjo moja. Nimwamini nani?
*Kijana, Arusha*

Usimwamini yeyote kati yao. Mtoto wa wiki saba hawezi kuwa amemaliza chanjo. Ile inayokinga magonjwa kama parvo, ugonjwa wa kuhara damu ambao virusi vyake huweza kudumu kwenye udongo kwa miezi mingi, huanza katika wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita, kwa sababu kinga aliyoipata kwa mama yake inaweza kuizuia chanjo ya mwanzo isifanye kazi. Ya kichaa cha mbwa huchomwa akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa ratiba atakayokuandikia daktari. Dai kadi yenye tarehe na lebo ya kichupa cha chanjo.

Mbwa wa kienyeji hufa kwa kichaa sawasawa na wengine, na binadamu dalili zikishamtokea huwa karibu hakuna kupona. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Uliza ofisi ya mifugo ya kata kuhusu chanjo za kampeni. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, lisipakwe majivu wala pilipili, na aende hospitali siku hiyohiyo.

Mahindi yetu yameota ukungu. Je, tumsagie mbwa ili yasipotee bure?
*Mama, Dodoma*

Hapana, mama yangu. Ukungu wa mahindi unaweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini la mbwa kama inavyoharibu la mwanadamu, na kupika hakuiondoi. Mpikieni ugali wa unga mnaoula wenyewe, pamoja na dagaa waliooshwa wakatoka chumvi, bila kitunguu. Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, kwa kuwa huvunjika na kuwa na ncha kali.

Sisi ni Waislamu na tunafuga mbuzi. Fisi wamezidi. Tunaweza kulea mbwa bila kuchafua nyumba na vyombo vya swala?
*Baba, Handeni*

Upande wa hukumu, sheikh wa msikiti wenu ndiye wa kuulizwa. Ninalofahamu ni kwamba hadithi inayokataza kufuga mbwa imemtoa mbwa wa mifugo, wa uwindaji na wa shamba. Upande wangu, mjengeeni banda kando ya zizi, mbali na mlango wa nyumba, mpeni chombo chake kisichochanganywa na vya jikoni, na anayemhudumia awe na vazi lake la kazi.

Mchukueni akiwa na wiki nane, si mkubwa zaidi, na tangu siku ya kwanza alale pale anaposikia na kunusa mbuzi. Awali mtengeni kwa fito, asije akakanyagwa na beberu. Watoto wakija kumpa maji, wampe hapo zizini, na akikimbiza vitoto vya mbuzi kwa mchezo, azuiwe kwa kamba na aitwe kwa jina lake kila mara.