Niko mwaka wa tatu wa kemia: nianzie wapi utafiti?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Nasomea shahada ya kemia katika chuo kimoja hapa Nairobi. Nimekuwa nikiomba zile nafasi za utafiti za REU kule Marekani wakati wa likizo, na hakuna aliyenijibu. Alama zangu si mbaya. Wenzangu wanasema bila kujuana na mtu huingii maabara yoyote. Nifanyeje?
Msomaji, Kahawa Wendani

JIBU: Sijambo, mwanangu. Kwanza usijilaumu. Nafasi za REU hulipiwa na serikali ya Marekani, na ni za raia wa nchi hiyo na wakaazi wake wa kudumu. Hata ungekuwa wa kwanza darasani usingechukuliwa. Kama unatamani kwenda nje, tazama OIST, chuo kikuu cha utafiti wa sayansi kilichoko Okinawa, Japani. Hao hupokea wanafunzi wa nchi yoyote walio katika miaka ya mwisho ya shahada ya kwanza, na hulipa nauli, malazi na posho. Omba, tena uombe mapema. Lakini watataka kujua umewahi kufanya nini maabarani, na hilo utalipatia hapa hapa mjini.

Panda matatu ya Thika Road ushuke Kasarani, uende icipe, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha mwanasayansi Thomas Odhiambo mwaka 1970. Wanafunzi wa kemia hukipita kwa kuwa kinajulikana kwa wadudu, na jambo hilo hunisikitisha mno, maana kazi nyingi ya pale ni kemia tupu. Chukua ile mbinu ya kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi, na nyasi za nepia kuzunguka shamba. Desmodiamu hutoa harufu inayomfukuza nondo ambaye viwavi wake hutoboa mabua, nepia humvuta kando, na mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazolizuia gugu la striga. Kuzitenganisha harufu hizo kwa kromatografia ya gesi, yaani mashine inayochambua mchanganyiko wa mvuke, na kuzitambua moja moja ni kazi ya mkemia.

Iko pia KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, Barabara ya Mbagathi, wanakochunguza dawa za mitishamba. KEBS, shirika la viwango vya bidhaa, kule South C na maabara ya Mkemia wa Serikali karibu na Hospitali ya Kenyatta hupima zaidi kuliko kutafiti, ila mkono wako utanyooka.

Sasa hilo la kujuana. Barua ya kuomba “nafasi yoyote iliyopo” haifiki mbali. Chagua mtafiti mmoja, soma makala yake moja mpaka uielewe sehemu ya mbinu, kisha mwandikie aya mbili. Tuseme ni mtafiti wa maji. Visima vingi vya Nairobi na Bonde la Ufa vina floridi nyingi, ambayo ikizidi huharibu meno, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mwambie mtaani kwenu mnakunywa maji ya kisima, na ungependa kujifunza kupima floridi kwa elektrodi, kile kifaa cha kuchovya majini, ili ulinganishe maji ya kiangazi na ya masika. Barua kama hiyo mimi ningeijibu siku hiyo hiyo.

Ukishaingia, usidharau kuosha vyombo. Sampuli ya floridi huwekwa kwenye chupa ya plastiki, kwa sababu floridi inaweza kuingiliana na kioo. Ya kupima madini ya risasi hutiwa asidi ya nitriki ili risasi isigande kwenye kuta za chupa, na chupa yenyewe huwa imelowekwa kwenye asidi kabla. Ikioshwa ovyo, mashine ya mamilioni itakupa namba ya uongo. Ninaposimamia miradi ya mwaka wa nne, mwanafunzi anayeniuliza habari za chupa ndiye ninayemwamini na sampuli.

Mengine ni makaratasi: barua ya mkuu wa idara, nakala ya matokeo, bima ya ajali. Wakala anayekuomba pesa akutafutie atachimenti, yaani nafasi ya mafunzo kazini, achana naye.

Na kabla hujaandika barua yoyote, nenda kwa mhadhiri aliyekufundisha kemia changanuzi, ile ya kupima na kutambua kemikali, umuulize kama kuna mwanafunzi wa uzamili anayehitaji mtu wa kumsaidia. Karibu kila mara yupo, amelemewa na sampuli, na hakuna aliyejitokeza kumwomba kazi hiyo.