Swali la lugha: "Seli zinazokufa" au "seli zilizokufa"?

Msomaji anayeandaa kijarida cha wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, anauliza: "Niliandika, 'Lupasi husababishwa na mwili kutoondoa seli zilizokufa.' Mhariri akafuta 'zilizokufa', akaweka 'zinazokufa'. Nani yuko sahihi?"

Kisarufi nyote mko sahihi. Kimaana namuunga mkono mhariri, na sababu imo ndani ya ugonjwa wenyewe.

Seli inayokufa kwa utaratibu wa kawaida wa mwili haifi mara moja. Husinyaa, kiini chake hukatikakatika, lakini utando wake wa nje hubaki mzima kwa muda. Wakati huo fosfatidilserini, aina ya mafuta ambayo kwa kawaida hukaa upande wa ndani wa utando, hujitokeza nje. Hiyo ni mojawapo ya alama zinazotambuliwa na makrofaji, seli ambazo kazi yake ni kumeza mabaki. Seli humezwa ingali na utando wake, hakuna kinachomwagika, na kinga ya mwili haishtuki.

Makrofaji zikichelewa, utando hupasuka. DNA na protini za kiini hutoka nje, mahali ambapo kinga haikuzoea kuvikuta vitu hivyo kwa wingi. Kwa baadhi ya watu kinga huviona kuwa adui na kuvitengenezea kingamwili, yaani protini za kupambana na adui. Kingamwili hizo hushikamana na DNA, na mashada yake yakinasa katika vichujio vya figo, huviharibu.

Hapo ndipo kiambishi kimoja kinapokuwa na uzito. Seli isiyopasuka bado ni "inayokufa". Iliyokwisha kupasuka ni "iliyokufa". Kasoro unayotaka kuieleza hutokea katika hatua ya kwanza. Ukiandika "zilizokufa", mgonjwa ataelewa kwamba tatizo ni uchafu uliolundikana, ilhali tatizo huanza kwa kuchelewa.

Kuna jambo jingine linaloifanya "zilizokufa" iwe pana mno. Katika Kiswahili sanifu kiambishi cha wakati -me- hakipokei o-rejeshi (kama -zo- katika "zinazokufa"), hatusemi "zimezokufa". Kwa hiyo "zilizokufa" hubeba maana ya "zilikufa" na ya "zimekufa" kwa pamoja. Ukitaka kuonyesha kwamba kifo kimetimia na mabaki bado yapo, tumia "amba-": "seli ambazo zimekufa na hazijaondolewa." Ni ndefu kidogo, lakini haina utata. "Seli mfu" nayo inakubalika, ila inataja hali tu, haikuambii lolote kuhusu wakati.

Hata hivyo, sahihisho la mhariri halijamaliza kazi. "Zinazokufa" inaweza kusomwa kama jambo la kila siku: seli ambazo hufa mwilini, na hizo ni mabilioni kwa siku hata kwa mtu mwenye afya. Ningeandika "zikiwa bado zinakufa". Neno "bado" linamzuia msomaji asiteleze.

Sasa kitenzi. "Husababishwa" kinadai kupita kiasi. Ni kweli kwamba watu wachache wanaozaliwa bila protini iitwayo C1q, inayosaidia makrofaji kutambua seli zinazokufa, wengi wao hupata lupasi. Huo ni ushahidi mzito. Lakini wagonjwa walio wengi hawakuzaliwa na upungufu huo. Kwao kuna mchanganyiko wa jeni, homoni, na hata mwanga wa jua, ambao huua seli za ngozi na kuongeza mzigo wa kuondoa. Kwa mambo mengi yanayosaidiana namna hiyo, kitenzi ni "huchangia". Na mgonjwa anastahili kitenzi hicho, kwa sababu "husababishwa" humfanya atafute kosa moja la kulaumu.

"Kutoondoa" pia kibadilike, maana mwili huondoa, ila kwa uzembe au kwa kuchelewa. Sentensi yako basi iwe hivi: "Kwa baadhi ya wagonjwa wa lupasi, mwili huchelewa kuziondoa seli zikiwa bado zinakufa; zikipasuka, yaliyomo humwagika na kuchochea kinga, jambo linalochangia ugonjwa."