Barua kwa mwanangu: Mafia kwa siku nne

Mwanangu Asha,

Salaam nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo, baba yako goti tu ndilo linamsumbua, na leo kaamka nalo vizuri.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema wewe na wenzako wa kazini mnataka kwenda Mafia sikukuu ya Pasaka, mtoke Dar Ijumaa Kuu na mrudi Jumatatu jioni. Umeniuliza mambo mawili kwa kuwa nilifundisha huko Mafia, mjini Kilindoni, kabla hujazaliwa: mwende kwa boti au kwa ndege, na kama siku nne zinatosha kwa yote mliyoyaorodhesha. Mmeweka papa potwe, kuzamia, magofu ya Kua, popo wa Chole, kasa wa Juani, mnara wa taa wa Ras Mkumbi, halafu mkamalizia na "kupumzika". Hapo nimecheka peke yangu jikoni.

Jibu langu ni hili: nendeni kwa boti, rudini kwa ndege, Pasaka muiache, na kwenye hiyo orodha mchague mawili.

Nianze na Pasaka. Inaangukia Machi mwishoni au Aprili, na hapo masika yako kazini. Hoteli kadhaa za Utende, kile kijiji cha ufukweni chenye hoteli nyingi, hufunga kabisa Aprili na Mei, na zisizofunga utakaa barazani ukitazama mvua. Papa potwe nao msimu wao ni Oktoba hadi Machi hivi, kwa hiyo mtafika wakati wanaishilizia au wameshaondoka. Kasa ndio kinyume chake: mayai ya kisiwa cha Juani hutotolewa zaidi kati ya Juni na Septemba. Yaani mmeandika vitu vya misimu miwili katika safari moja. Mwenye kuwauzia safari anaweza kuwakubalia yote, maana kukubali hakumgharimu kitu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Dar hamlitazami, nalo ni mwezi. Mnatazama kalenda ya ofisini tu. Pasaka kila mwaka huja siku chache baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo mara nyingi inakutana na bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Pwani yetu siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Sasa jipigie picha mko Utende, mmekunywa chai, saa tatu na nusu mnashuka ufukweni na miwani yenu ya kuogelea, mnakuta ghuba ya Chole imerudi nyuma mbali kabisa, mashua zimepwelewa, zimelala ubavu kwenye mchanga, na akina mama wanatembea miambani na vijiti wakitafuta pweza. Ni mazuri kuyaona, lakini safari yenu ya asubuhi haipo. Mtangoja mpaka mchana, na maji yakianza kurudi wakati wa bamvua mkondo unaopita mlango wa Kinasi, njia ya maji kati ya ghuba na bahari kuu, una nguvu, hasa kwa mtu asiyeuzoea.

Juma moja baadaye mambo ni tofauti. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo mkifika siku za maji mafu yatakuwa yamejaa asubuhi, saa tatu au nne, na hayapandi sana wala kushuka sana. Mashua inaelea muda wote, mkondo ni mpole, hata yule mwenzenu asiyejua kuogelea anaweza kuingia. Kwa hiyo kabla hujaomba likizo tazama mwezi: tafuta siku nne zinazoangukia kama juma moja baada ya mwezi mpevu au baada ya mwandamo. Mimi ningezitafuta Novemba au Desemba mwanzoni, upepo wa kusi umeshalala na wa kaskazi haujashika vizuri. Vuli inaweza kuwanyeshea kidogo, si mvua ya kuharibu safari.

Sasa usafiri. Najua ndege inavutia, dakika kama 40 mko Kilindoni. Lakini mmesema mnataka safari ya kujaribu mambo, na njia ya Nyamisati ndiyo yenyewe. Mnapanda basi Mbagala Rangi Tatu mapema sana, mnapita Mkuranga hadi Bungu, halafu mnakata kushoto kuelekea baharini. Nyamisati ipo kwenye delta ya Rufiji, na chombo kinatoka katikati ya mikoko kabla hakijaiona bahari. Humo humo kwenye mikoko ndimo Wajerumani walimoificha manowari yao Königsberg, Waingereza wakateka Mafia Januari 1915 wakaitumia kuiwinda, na ndege zao zikirukia kisiwani, hadi wakaimaliza Julai mwaka huo. Wanafunzi wangu walikuwa wakilipenda somo hilo kuliko yote, labda kwa sababu ndilo pekee lililokuwa na kwao ndani yake.

Kuvuka kunachukua saa tatu hadi tano kutegemea chombo na bahari. Muda wa kuondoka hufuata maji, kwa hiyo ulizeni siku moja kabla, msitegemee ulioambiwa juma lililopita. Kipo kivuko cha serikali, MV Kilindoni, na zipo boti za watu binafsi. Hapa nisikilize vizuri, maana unajua nilivyo tangu MV Spice Islander izame Septemba 2011 njiani kwenda Pemba. Ukiona watu wamekaa juu ya mizigo kwa kukosa nafasi, shukeni. Ukiuliza jaketi la kuokolea ukaambiwa "yapo, yako chini", mwambie akupe sasa hivi, ulivae na kulifunga hapo hapo gatini. Na boti ya kuvuka usiku msipande hata kama inaondoka na marafiki zako wote.

Kwa nini kurudi iwe ndege? Kwa sababu boti ikichelewa mkiwa mnakwenda, mmepoteza nusu siku na mmepata la kusimulia. Ikichelewa mkiwa mnarudi, mmepoteza siku ya kazi Jumanne. Bahari ikichafuka vyombo havitoki, na hakuna wa kumlaumu. Tiketi ya ndege kateni mapema, ndege ni ndogo na viti vichache, na mizigo mara nyingi ni kilo 15 kwa mtu kwenye begi laini. Lile sanduku lako la magurudumu liache.

Ila ndege ina sharti lake. Umesema Baraka anataka kuzamia na mtungi. Aliyezamia anashauriwa kukaa saa 18 angalau kabla ya kupanda ndege, kwa sababu hewa iliyoyeyuka mwilini kule chini inahitaji muda wa kutoka taratibu. Kwa hiyo kuzamia kuwe siku ya pili, ya tatu asubuhi ikibidi sana, na siku ya mwisho msiguse mtungi. Atakayewapeleka akisema haina neno, tafuteni mwingine.

Mawili mtakayochagua ni yenu, lakini mkiniuliza mimi, siku moja ya papa potwe na siku moja ya Chole na Juani. Potwe mnaanzia Kilindoni, si ndani ya Hifadhi ya Bahari. Mto Rufiji unaleta rutuba baharini, vidudu vidogo vya majini vinaongezeka, dagaa wanafuata, na potwe naye anafuata chakula, karibu na pwani kiasi kwamba wavuvi wanamwona wakiwa kazini. Kwa hiyo msitegemee maji ya kioo kama kwenye picha, pale yana ukungu. Mtu mmoja anasimama omo, mbele kabisa ya mashua, akitazama ndege wanaojitupa majini, nahodha anapunguza injini, halafu unaona kivuli kinapita chini ya mashua, kirefu kuliko mashua, mgongo una madoa meupe kama umenyunyiziwa unga. Wengi wa pale ni madume ambayo hayajakomaa, ya mita sita hadi nane. Hang'ati, anachuja maji tu. Kaeni mita tatu au nne kutoka kwake, mkia wake ni wa kuogopa kuliko mdomo, msimguse na msiwashe mwanga wa kamera. Nahodha akianza kumzingira au kumkatia njia ili mpate picha, mwambieni aache. Ninyi ndio mnaolipa.

Chole mnavuka kutoka Utende kwa mashua. Hapo mmeshaingia Hifadhi ya Bahari, ya kwanza Tanzania, iliyoanzishwa 1995, na langoni mtalipa. Chukueni vitambulisho vya taifa maana raia analipa kidogo kuliko mgeni. Chole palikuwa makao ya Wajerumani kabla hawajahamia Kilindoni, na kuta zao zimeshikwa na mizizi kiasi kwamba huwezi kujua nini kinamshikilia nani. Popo wananing'inia mchana kwenye miti mikubwa, ni popo wala matunda wa jamii ya wale wa Komoro. Msipige makofi kuwaamsha. Juani kuna Kua, mji uliovunjwa na Wasakalava kutoka Madagaska karne ya 19 mwanzoni. Mchukueni mzee wa hapo hapo awaongoze, na mwombeni hadithi ya watu wa Kua na watu wa Kisimani, mji mwingine wa kale wa Mafia. Mimi siiandiki hapa, inahitaji sauti.

Ras Mkumbi iacheni. Ni kaskazini kabisa ya kisiwa na itawamalizia siku nzima. Kutoka Kilindoni hadi Utende barabara ni ya lami, hilo halina shida.

Siku ya nne msiiwekee kitu. Kama siku ya potwe bahari itakuwa mbaya, mtakuwa na pa kuisogeza, angalau asubuhi kabla ya ndege. Kama yote yamekwenda sawa, nendeni sokoni Kilindoni mkale pweza.

Mengine ya haraka. Fedha taslimu toeni Kilindoni, Utende msitegemee. Mifuko ya plastiki msibebe. Viatu vya mpira vya kuingilia majini ni lazima kwa kila mmoja, na mkiwa kwenye maji mafupi mburuze miguu, samaki aitwaye taa hulala mchangani na mwiba wake simwombei hata adui yangu. Chandarua ulizeni kabla ya kulipia chumba. Vijijini mkitoka kuogelea jifungeni kanga, na wavulana wavae shati. Hakuna atakayewagombeza, ila mtasalimiwa tofauti.

Ukishapata tarehe nipigie, nitamtafuta mwalimu mwenzangu wa zamani aliyebaki Kilindoni, mwanawe ana mashua. Na niambie yule asiyejua kuogelea ni nani, nimpigie yeye mwenyewe.

Mama yako