Maswali yenu: rafiki alipovaa sare ya Hitler

Makala yangu iliyopita ilihusu Hitlerjugend, Vijana wa Hitler, jumuiya ya chama cha Nazi iliyokusanya watoto wa Ujerumani tangu wakiwa na miaka 10. Maswali mengi mliyoleta yanazunguka jambo moja: marafiki. Nimechukua matano.

Watoto walilazimishwa, au walijiunga kwa kupenda? (Msomaji wa Dodoma)

Walianza kwa kupenda, lazima ikaja baadaye. Mwishoni mwa 1932 wanachama walikuwa kama laki moja. Kufikia mwisho wa 1936 walishapita milioni tano, na amri iliyombana kila mtoto ilikuwa bado haijatoka. Ilitoka Machi 1939, nayo ikaweka faini au kifungo kwa mzazi aliyemzuia mwanawe.

Kabla ya hapo mbinu ilikuwa nyingine. Jumuiya nyingine za vijana zilipigwa marufuku au zikamezwa moja baada ya moja, hadi mtoto aliyetaka kwenda kambi hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Halafu kati ya 1934 na 1936 kukawa na mpango wa Jumamosi: mwanachama anaruhusiwa kukosa shule aende kwenye gwaride na michezo, asiye mwanachama anabaki darasani akisomeshwa siasa. Madawati matupu, watoto wawili watatu wamebaki na mwalimu, na Jumatatu wenzao wote wana hadithi za kusimuliana. Mtoto wa miaka 11 hahitaji askari wa kumsukuma hapo.

Akishaingia, kuna mtihani: mbio za mita 60 kwa sekunde 12, kuruka mita 2.75, kurusha mpira mita 25, na kuujua wimbo wa chama. Akifaulu anaruhusiwa kuning'iniza kisu kiunoni. Kwa maoni yangu kisu hicho kilivuta wavulana wengi kuliko hotuba zote za Baldur von Schirach, kiongozi wao.

Ni kweli watoto waliwachongea wazazi wao kwa polisi?

Ilitokea, na wazazi wengi walijifunza kuchunga ulimi hata wakiwa mezani kwao. Ila Gestapo, polisi wa siri, walilishwa habari zaidi na watu wazima: jirani, mfanyakazi mwenzako, mtalaka mwenye kinyongo. Watoto wanabebeshwa mengi katika masimulizi haya.

Mtoto mweusi Ujerumani ya wakati huo angepata rafiki kweli? (Mama Shufaa, Mombasa)

Alipata, mama, na hapo ndipo palipouma. Hans Massaquoi alizaliwa Hamburg mwaka 1926, mama yake Mjerumani, babu yake balozi mdogo wa Liberia mjini humo. Ipo picha yake ya 1933 kwenye uwanja wa shule, kati ya watoto wa Kizungu, ameshonewa alama ya Nazi kwenye sweta. Hakuna aliyemlazimisha. Alitaka kuwa kama wenzake. Marafiki zake walipoanza kuvaa sare, naye aliitaka, akamng'ang'ania mama yake hadi wakaenda pamoja kuomba aandikishwe. Walifukuzwa kwa maneno ya kejeli.

Ndiyo maana mtu akiniambia vijana wale walikuwa na chuki ya kuzaliwa, sikubali. Mtoto aliyechukiwa na chama alikililia chama hicho hicho, kwa sababu marafiki zake wako ndani. Massaquoi aliokoka vita, akahamia Marekani, akawa mhariri wa jarida la Ebony. Alifariki 2013.

Mbona na sisi tulikuwa chipukizi, tukavishwa skafu na kuimba nyimbo za chama? Unatutukana? (Msomaji wa Tabora)

Sikutukani, ndugu yangu. Gwaride, skafu na nyimbo vipo nchi nyingi, na watu wamekua wakabaki na akili zao. Mimi ninaangalia mambo mawili: je, kuna kundi jingine ambalo mtoto anaweza kwenda akiacha hilo? Na je, kuna mtoto wa darasani kwenu ambaye kwa kabila au damu yake ameambiwa yeye kamwe haingii? Ujerumani jibu la swali la kwanza lilikuwa hakuna, na la pili, watoto wa Kiyahudi wote. Wewe wa Tabora pima mwenyewe.

Je, kuna marafiki waliokataa pamoja? (Wanafunzi wa kidato cha nne, Moshi)

Wapo, na ninaowapenda zaidi hawajulikani sana huku kwetu. Helmuth Hübener wa Hamburg alikuwa skauti mpaka maskauti walipopigwa marufuku, kisha naye akaingia Vijana wa Hitler kama wengine. Mwaka 1941, akiwa na miaka 16, alianza kusikiliza matangazo ya Kijerumani ya BBC kwenye redio ambayo kaka yake aliileta kutoka Ufaransa. Kusikiliza redio ya nje lilikuwa kosa tangu vita vilipoanza. Akawaita marafiki wawili wa kanisani, Karl-Heinz Schnibbe na Rudolf Wobbe, wasikilize pamoja nyumbani kwa bibi na babu yake.

Baadaye akaanza kuandika. Alipiga taipu vipeperushi kwa karatasi za kaboni, takriban 60 tofauti, akilinganisha walichoambiwa na serikali na alichosikia redioni. Wenzake walivisambaza usiku: kwenye masanduku ya barua, vibanda vya simu, hata mifuko ya makoti ya watu. Schnibbe alisimulia uzeeni kwamba walipeana ahadi: atakayekamatwa kwanza atajitwika yote.

Februari 1942 Helmuth alichongewa na mtu wa kazini kwake. Alipigwa hadi majina yakatoka. Hapo msimhukumu haraka, angalieni alichofanya baadaye: sehemu ya wenzake aliipunguza kadiri alivyoweza, na mahakamani Berlin mwezi wa Agosti akawajibu majaji kwa ukali, hasira yao ikamwangukia yeye. Wobbe alipewa miaka 10, Schnibbe 5, kijana wa nne, Gerhard Düwer, miaka 4. Helmuth alikatwa kichwa Oktoba 27, 1942. Alikuwa na miaka 17.

Mmeuliza pia kanisa lao, la Wamormoni, lilisimama wapi. Kiongozi wa tawi lao alikuwa mwanachama wa Nazi, na kabla hata kesi haijasikilizwa jina la Helmuth lilikuwa limeandikwa kwamba ametengwa. Uamuzi huo ulifutwa 1946. Schnibbe na Wobbe walitoka wakiwa hai, wakahamia Marekani, na kwa miaka mingi walizunguka wakisimulia habari za rafiki yao. Hamburg leo kuna shule yenye jina lake.