Kiangazi cha kwanza na watoto wadogo Minneapolis: ushauri wa baba wa nyumbani

Ndugu yangu uliyefika hapa wakati wa theluji ukaambiwa "vumilia, kiangazi kinakuja", nina habari kwako. Kiangazi kikija, shule inafungwa. Kuanzia mwanzoni mwa Juni hadi kukaribia Septemba watoto ni wako, kutwa.

Mimi ni baba wa nyumbani, mwaka wa nne huu. Mama watoto anafanya kazi ya usiku kwenye makao ya wazee. Anarudi saa 1 asubuhi na kulala hadi saa 8 mchana. Nyumba ina vyumba viwili na kuta nyembamba. Watoto ni watatu: wa miaka saba, wa mitano, na wa miwili ambaye kunong'ona hajui. (Wajomba zangu Tanga huniuliza kwa simu kama nimeolewa. Siku hizi nawajibu ndiyo, na mahari ilikuwa nzuri.)

Mwaka wa kwanza nilitaka kuijaza siku. Nikaandika ratiba, nikaibandika kwenye friji: kuchora, kuhesabu, Kurani, bustani. Kufika saa 5 ratiba yote imeisha, mimi nimeisha, na jua bado lina saa kumi za kuwaka. Sasa nashughulika na asubuhi tu. Kabla ya saa 3 tuko nje, chupa za maji na pampasi zimefungwa tangu usiku. Watoto wakishachoka asubuhi, mchana hujiendea wenyewe. Wakiamkia ndani, mchana utakuwa wa vilio, na mama yao hatalala.

Pa kwenda pako, tena bure. Bustani nyingi za mji zina vidimbwi vya watoto, maji hayazidi magoti. Siku ya joto kali au mvua, maktaba: kuna kiyoyozi na kuna vitabu. Usiogope kuazima kwa sababu ya watoto kuchelewesha. Maktaba za kaunti yetu, Hennepin, ziliacha kutoza faini za kuchelewa mwaka 2021. Kitabu kikipotea ndipo unalipa. Chetu kimoja kiliwahi kupotea miezi miwili, tukakikuta ndani ya sufuria la pilau.

Chakula ndicho kilichonikamata nisipotarajia. Tangu 2023 shule za jimbo letu la Minnesota huwapa wanafunzi kifungua kinywa na chakula cha mchana bila malipo, kwa hiyo mwaka mzima unasahau kwamba watoto wanakula mara ngapi. Juni inafika, mkate wa siku tatu unakwisha kabla ya adhuhuri. Ipo milo ya bure ya kiangazi kwenye bustani, shule na baadhi ya maktaba, kwa yeyote mwenye miaka 18 kushuka chini. Hakuna anayekuuliza karatasi wala mshahara. Mimi nilipita kando ya meza zile mwezi mzima kwa aibu, nikidhani ni za watu fulani, mpaka mama mmoja Msomali akanishika mkono akaniweka kwenye foleni. Kwa kawaida mtoto anakula palepale, na mzazi hahesabiwi, kwa hiyo beba kiporo chako.

Usingizi nao. Sisi tumekua jua likizama saa 12 na kitu mwaka mzima, na sheria ya nyumba ni moja: magharibi ikiingia, ndani. Hapa mwishoni mwa Juni magharibi inaingia saa 3 usiku! Mkubwa wangu alinigeuzia sheria hiyohiyo: "Baba, bado magharibi." Sikuwa na jibu. Nilitundika blanketi zito dirishani, na juu yake khanga mbili, nikaanza kulaza watoto saa 2 jua likiwa nje. Wiki ya kwanza walilia, ya pili wakazoea. Bibi yao bado haelewi. Kwao Julai ni kipupwe, anauliza mbona wajukuu wanashinda vifua wazi.

Hapa nisikilize vizuri zaidi: maji. Mimi nimejifunza kuogelea baharini, Raskazone kule Tanga, maji si kitu cha kunitisha. Tulikuwa ufukweni, Ziwa Nokomis, mdogo amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Nikasoma ujumbe mmoja kwenye simu. Nilipoinua macho alikuwa amelala chali chini ya maji, macho wazi, hapigi kelele, harushi hata mkono. Nilimnyanyua, akakohoa, akaomba biskuti. Mimi nilitetemeka hadi jioni. Mtoto akizama hana mlio, na maji ya ziwa hayakubebi kama ya chumvi. Siku hizi simu inakaa ndani ya mkoba, na mkoba unakaa mbali. Vivyo hivyo gari: usimwache mtoto ndani hata ukiingia dukani kuchukua maziwa tu. Joto la humo hupanda upesi mno, na mpita njia ataita polisi, na atakuwa sahihi.

King'ora cha tahadhari cha mji kikilia Jumatano ya kwanza ya mwezi saa 7 mchana, ni majaribio, endelea na wali wako. Kikilia siku nyingine, shukeni chini ya jengo, kimbunga kinaweza kuwa karibu. Na wenzetu mliotoka Goma au Bujumbura, waambieni watoto mapema kuhusu fataki za tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Hulipuka mtaani siku kadhaa kabla na baada, na si watoto peke yao wanaoshtuka.

Tableti? Kwangu inawashwa saa 7 mchana, sauti chini, mpaka mama yao aamke. Wanaonilaumu hawajawahi kufanya kazi usiku.

Halafu kuna mauzo ya vitu vya mitumba mbele ya nyumba za watu, Jumamosi. Nenda Julai ukatafute makoti ya theluji. Wakati huo hakuna anayeyataka na yanauzwa dola mbili tatu. Chukua saizi moja juu. Wa mitano atakataa kulijaribu kwa sababu ya joto, mpe barafu ya kulamba kwanza.