Huku kwetu mgonjwa huulizwa fishi kwanza

Barua za safari hii zimetoka Kivu, mashariki mwa Kongo, na kwa jamaa walioko nje, na karibu zote zina kilio kimoja: mtoto anaumwa, hospitali ipo, pesa haipo. Nimefanya uuguzi Kivu Kusini kwa miaka. Nimewaandikia watu fishi, ile karatasi ya matibabu na malipo yake, na nimewahi kukosa ya kumlipia mwanangu.

Mtoto wa dada yangu alipona malaria tangu Jumatatu, lakini hospitali haiwaachii mpaka deni liishe. Ni haki hii? (Bukavu)

Si haki, na wakubwa wa hospitali wanajua. Ila ujue wanachoogopa. Hospitali zetu nyingi zinalishwa na mgonjwa mwenyewe. Wauguzi wengi hawamo kwenye orodha ya mshahara wa serikali. Mwisho wa mwezi wanagawana kilichobaki kwenye sanduku baada ya kununua dawa na mafuta ya jenereta. Kwa hiyo mama anafanywa rehani. Kitanda anapewa mwingine, yeye anahamia mkekani barazani na kula kwa huruma ya majirani wa wodi. Namkumbuka mtoto mmoja aliyeanza kutambaa kwenye baraza hiyo hiyo, amepona kabisa, anangoja deni.

Dada yako asibishane na mtu wa kasha, yaani mpokea pesa, huyo hana uamuzi. Aende kwa msimamizi wa hospitali, aombe kulipa kidogo kidogo kwa maandishi. Wakitaka aache simu au kitenge, apewe karatasi yenye muhuri inayosema ameacha nini. Na asitoroke usiku. Mama aliyetoroka mara moja huona haya kurudi, hata siku mtoto anapopata degedege.

Mimi ni mjomba, niko Dar. Kwa nini huko mtoto anapelekwa hospitali akiwa amekwisha? Si uzembe wa wazazi? (Dar es Salaam)

Mjomba, uzembe upo, kama ulivyo Dar. Lakini hesabu siku pamoja nami. Siku ya kwanza mtoto ana homa. Mama ana pesa ya unga tu, basi ananunua tembe mbili dukani, zinazouzwa mojamoja kama peremende. Siku ya pili homa inashuka kidogo, anashukuru Mungu, anaenda shamba. Siku ya tatu imerudi. Sasa anatafuta wa kumkopesha, na mwenye pesa yuko sokoni, na soko ni Alhamisi. Siku ya nne anauza kuku. Siku ya tano yuko njiani, mtoto mgongoni.

Akifika kwangu nilikuwa nashusha kope ya chini ya mtoto kwa kidole gumba. Ikiwa nyeupe kama karatasi, malaria imeshakula damu. Hapo tembe hazitoshi tena: inatakiwa damu, na damu ina mfuko wake, ina vipimo vyake, ina mirija yake, na kila kimoja kinaandikwa kwenye fishi. Aliyeshindwa bei ya siku ya kwanza anadaiwa bei ya siku ya tano, ambayo ni mara nyingi zaidi. Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Sisi tunamuuliza fishi, kisha tunamsema kwamba amechelewa.

Mbona Burundi, ng'ambo tu ya Ruzizi, watoto wanatibiwa bure? (Uvira)

Ni kweli. Tangu Mei 2006 Burundi ilifuta malipo kwa watoto walio chini ya miaka 5 na kwa akina mama wanaojifungua. Vituo vilifurika mara moja, dawa zikaisha, wauguzi wakalalamika. Ilibidi baadaye, 2010, serikali ianze kuvilipa vituo kulingana na kazi vilivyofanya. Kwetu Kongo, uzazi wa bure pamoja na matunzo ya kichanga kwa siku zake 28 za mwanzo vilianza Kinshasa Septemba 2023, kisha vikasogezwa mikoa mingine hatua kwa hatua. Mtoto wa miezi miwili, basi, amerudi kwenye fishi. Bure ni jambo jema, lakini kuna mtu lazima alipe, na asipolipa, wa kwanza kulijua hilo ni rafu la dawa.

Chanjo ni bure. Iweje surua iue watoto wengi hivyo? (Goma)

Kwa sababu kinachogharimu ni njia. Chanjo ya surua inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8 mpaka inapofika mkononi mwa mtoto, na mtu anaibeba kwenye boksi la barafu, kwa pikipiki, halafu kwa miguu, anavuka mito. Friji ya kituo ikizimika, dozi zinaharibika. Mwaka 2019 Kongo ilihesabu wagonjwa zaidi ya 310,000 walioshukiwa surua, na kufikia Januari 2020 waliokufa walipita 6,000. Wakati huo huo Ebola, iliyoua zaidi ya 2,200 upande wetu wa mashariki, ndiyo iliyokuwa na magari, mahema na waandishi wa habari. Sisemi Ebola ilikuwa ndogo, niliiogopa kama kila mtu. Ila surua haikuwa na gari hata moja pale kwetu.

Kituo kiko mbali, siku nzima kwa miguu milimani. Nijue vipi kwamba sasa lazima niondoke? (Fizi)

Mama, hili ndilo swali. Ondoka hata usiku ukiona mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea huwezi kumwamsha. Kisha fungua nguo, tazama kifua. Kikibonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, hiyo ni dalili ya hatari ya nimonia. Hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya simu, mtoto akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, hiyo si mafua, mpeleke. Kichanga aliye chini ya miezi 2 akiwa na homa, usihesabu chochote, nenda.

Akiharisha na huna pakiti ya chumvichumvi: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja kwanza, yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga. Mpe kidogo kidogo, uendelee kumnyonyesha. Na uliza kama kijijini kuna reko, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea, aliyefundishwa kutibu watoto. Wengine wana dawa za malaria na zinki, na watu hawajui.

Niko Ubelgiji. Nikituma antibiotiki kwenye sanduku, zitamfaa mwanangu? (Liège)

Hapana, ndugu yangu. Dozi ya mkubwa ikivunjwa kwa kisu mezani haiwi dozi ya mtoto. Bukavu kuna mutuweli za afya, yaani vyama vya kuchangiana matibabu, zilizoanzishwa na kanisa katoliki. Lipia ada ya mwaka kwa nyumba nzima kabla mtu hajaugua, maana akishaugua umechelewa. Kama jamaa wako Goma, unajua benki zilifungwa Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia, na noti zikawa shida. Tuma kwa simu, na uongeze ada ya kutolea pesa. Nimeona mtu akipungukiwa ada hiyo tu mbele ya dirisha la kasha.